Chumba Kimoja Hakihitaji Sofa

*Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Lindi. Nimepata kazi ya kuuza duka Kariakoo, nikahama kwa mjomba na kupanga chumba kimoja Mbagala. Nina kitanda, jiko la gesi la mtungi mdogo, ndoo mbili na begi la nguo, basi. Jioni sina hata hamu ya kuingia ndani. Nanunua chipsi mayai nakula nimekaa kitandani. Nikijaribu kupika, nguo za kazini zinanuka kitunguu. Juzi wenzangu walikuja kunitembelea, mmoja akacheka: "Kumbe unaishi stoo!" Iliniuma. Sasa kuna mama anayekopesha pesa ananishawishi nikope ninunue sofa na televisheni, nimlipe kidogo kidogo kila siku. Baba mwenye nyumba naye hataki msumari ukutani kwake. Nifanyeje?*
*Mpangaji, Mbagala*

Mwanangu, hongera kwa kazi na kwa ufunguo wako mwenyewe.

Nianze na huyo mama. Anachokupa ni kausha damu. Mkopo wa kulipa kila siku, kama una mtu unayemfaa, basi ni yule anayeuza kila siku. Wewe mshahara wako ni mwisho wa mwezi, na sofa haizalishi hata shilingi. Ukichelewa siku mbili tatu watakuja kuibeba, na kitanda juu yake. Halafu pima hicho chumba. Vyumba vingi vya kupanga ni kama futi 10 kwa 10, na kitanda cha tano kwa sita peke yake kinakula futi 30 za mraba kati ya 100. Ukiingiza sofa utakuwa unapita kiubavu kwenda kulala.

Mwenzako aliona stoo kwa sababu hakuona dalili kwamba mtu anakula pale. Kwa hiyo tuanze na sufuria, mapambo baadaye.

Jiko liweke karibu na mlango au chini ya dirisha, mbali na kitanda na pazia, na mtungi usimame wima siku zote. Ukifunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu yake funga mtungi, fungua mlango, wala usiguse swichi ya taa. Na mvua ikinyesha usije ukaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Hewa yake inaua na haina harufu ya kukuamsha.

Harufu ya kitunguu ni jambo dogo. Nguo za kazini zifungie ndani ya begi kabla hujawasha jiko, pika mlango ukiwa wazi, funika sufuria. Samaki usikaange humo ndani. Mnunue kwa mama anayekaanga kibarazani, yeye ana upepo na ana karai kubwa.

Huna friji, na sioni haja ya kuilia. Genge ndilo friji lako: nyanya mbili, kitunguu kimoja, fungu la mchicha, mafuta ya kupimiwa, vyote kwa kiasi cha siku hiyo. Kinachokutisha, nadhani, ni gesi kuisha kwa maharage. Jumamosi usiku yaloweke. Jumapili mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20 hivi. Usipunguze hapo, maana maharage ambayo hayakuchemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Kisha epua sufuria na mfuniko wake, izungushie blanketi, itumbukize kwenye kapu au boksi na uifunike juu kwa nguo nzito. Nenda kafue, nenda kasuke nywele. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yamelainika kwa moto wake wenyewe, nawe utayarudisha jikoni yachemke tena na kumalizika.

Nazi usiitie kwenye sufuria nzima. Chakula cha nazi huchacha upesi, na joto la Dar halina huruma. Chota ya kula leo tu, uiunge kwa tui jepesi, kitunguu na nyanya. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, na ukoroge bila kuacha mpaka lichemke, maana ukilifunika na kuliacha litakatika. Muuza nazi anakuna kwa mashine siku hizi, huna sababu ya kununua mbuzi. Maharage yaliyobaki, bila nazi, yachemshe tena usiku kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni hiyo yaishe. Siku nyingine weka dagaa wakavu: wakaange bila mafuta mpaka wakauke vizuri, waoshe kwa maji ya moto, kisha uwaunge kwa nyanya na ndimu nyingi.

Sasa chumba. Mabasi ya Lindi yanapita hapo hapo Mbagala, kwa hiyo mwambie mama akutumie mkeka wa ukindu na mto wa sufi au miwili. Watu wa pwani tumepokea wageni mkekani tangu zamani na hakuna aliyeona aibu. Nunua khanga doti moja. Kipande kimoja tundika kama pazia la kukificha kitanda. Kama kitanda kina nguzo za chandarua, funga hapo, na kama hakina, vuta kamba kutoka kwenye nondo za dirisha. Msumari hauhitajiki. Kipande cha pili fundi akushonee foronya za mito. Jina la khanga chagua mwenyewe. Wanawake wamejibizana kwa khanga miaka mingi, nawe una mtu wa kumjibu.

Taa nyeupe inayomulika kama ya duka la dawa ibadilishe, weka ya mwanga wa njano. Ndoo ya rangi iliyokwisha itoboe chini, itie udongo, upande mchaichai mlangoni. Utakunywa chai yake jioni. Picha za kwenu usizibandike ukutani kwa gundi, plasta itabanduka na baba mwenye nyumba atapata la kusema. Zisimamishe juu ya boksi imara lililofunikwa kitambaa. Ukikaa miezi sita bila ugomvi, mwombe kwa adabu misumari miwili tu, mahali pamoja, na uahidi kuziba matundu ukihama. Wengi hukubali wakiombwa kabla.

Jumapili ya mwisho wa mwezi waalike wenzako, na huyo aliyecheka pia. Vueni viatu mlangoni, mle wali na maharage ya nazi mkekani.

Mshahara huu nunua khanga, taa, na sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Mkopo ukatae leo, usingoje kesho. Sofa utanunua kwa pesa yako siku ukipanga nyumba yenye sebule.