Mwenye Kivuko Naye Ana Lake Moyoni

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa michezo ya kuigiza ya mezani, yule anayebeba ulimwengu mzima huku kila mchezaji akibeba mtu mmoja. Mlinzi wa lango, mchuuzi, jambazi, mfalme: hao wasio na mchezaji wote ni wako. Kuwaigiza sauti ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe ni kuamua watafanya nini bila kuwapendelea wachezaji wala kuwakomoa, na hapo kanuni zinakusaidia ukijua pa kuzitafuta. Mfano wetu ni Bi Rehema, mwenye kivuko, ambaye kundi la wachezaji linataka awavushe mto usiku wa manane.

Hatua ya 1: Jua kitabu chako kinamhesabuje

Vitabu havikubaliani. RuneQuest ya 1978 humpima mtu yeyote kwa sifa zilezile za mhusika wa mchezaji. Dungeons & Dragons, toleo la tatu la mwaka 2000, lilifika mbali zaidi: hata raia wa kawaida ana daraja lake na anaweza kupanda viwango. Savage Worlds ya 2003 inagawa watu mafungu mawili, wachache wenye uzito na umati ambao jeraha moja linatosha kuwatoa vitani. Katika Apocalypse World ya 2010 msimamizi harushi dadu hata mara moja. Watu wake hutenda kufuatana na walichopata wachezaji. Usichanganye mifumo hii kabla hujauelewa wa kwako.

Hatua ya 2: Mpe jina, haja na mpaka

Namba ziwe chache. Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons linampa raia alama 4 tu za uhai, na kwa Bi Rehema zinatosha. Apocalypse World inamtaka msimamizi ampe kila mtu jina, nami naona agizo hilo linafaa meza yoyote, kwa sababu wachezaji humuua "mlinzi" kwa wepesi kuliko wanavyomuua mtu waliyeambiwa anaitwa nani. Kisha andika mistari miwili. Anataka nini? Kumaliza deni la mashua. Hatakubali nini? Kuvusha mtu mwenye silaha mkononi.

Hatua ya 3: Dadu ziseme kwanza

Hapa ndipo wasimamizi wengi hupitiwa. Mtu mgeni akitokea, msimamizi huamua kichwani kwamba ni adui, na vita vinaanza. Kitabu cha Basic cha Dungeons & Dragons kilichohaririwa na Tom Moldvay mwaka 1981 kina dawa ambayo kwangu haijapitwa na wakati: rusha dadu mbili za pande sita, ujumlishe. Ukipata 2, anashambulia papo hapo. 3 hadi 5, ana uhasama na huenda akashambulia. 6 hadi 8, hajaamua. 9 hadi 11, hashambulii. Anaondoka au anasikiliza wanachompa. 12, anawapokea kwa moyo mweupe.

Hebu pima uwezekano wake. Kushambulia papo hapo ni mara 1 kati ya 36, na kusitasita ni mara 16 kati ya hizo 36. Kwa hiyo matokeo yanayojitokeza zaidi ni mtu anayewatazama tu na kungoja waseme. Mazungumzo yanazaliwa hapo, tena wewe msimamizi unashangaa pamoja na wachezaji. Bi Rehema akipata 5, usimgeuze shetani. Rudi kwenye mistari yako miwili uulize kwa nini usiku huu ana hasira. Labda mwenye kumdai alipita jioni.

Hatua ya 4: Wekea ushawishi kikomo

Katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mchezaji aliyelimbikiza alama za diplomasia angeweza kumgeuza adui kuwa rafiki kwa dakika moja ya maneno, mradi jumla ya dadu na alama hizo ifike 35. Kanuni hiyo inamnyang'anya mtu nafsi yake, na nakushauri uikwepe. Toleo la 2014 linafanya vizuri zaidi: mwenye uhasama, hata mchezaji akifikisha 20, atafanya tu lile lisilomhatarisha wala kumgharimu. Anayetaka zaidi ya hapo abadilishe kwanza hali yenyewe. Kundi likilipa sehemu ya deni la Bi Rehema, kikomo kinasogea.

Hatua ya 5: Pima moyo vita vikianza

Kitabu hichohicho cha 1981 kina alama ya ujasiri, kuanzia 2 hadi 12. Upande mmoja ukipoteza mtu wa kwanza, au nusu yao wakishaangushwa, rusha dadu mbili. Jumla ikizidi alama yao, wanakimbia au wanasalimu amri. Wakivuka mtihani mara mbili, wanapigana hadi mwisho. Majambazi wenye alama ya 7 hushindwa mara 15 kati ya 36, basi jiandae mapema kwa mateka, maana wachezaji watawahoji.

Hatua ya 6: Wa kukodiwa walipwe haki yao

Katika kanuni hizo za 1981, mvuto wa mhusika ndio unaoamua ataongozana na watu wangapi. Mwenye mvuto wa 9 hadi 12 anaweza kuwa na wanne, kila mmoja akiwa na ujasiri wa 7. Mwenye 18 anapata saba wenye ujasiri wa 10. Pima uaminifu wao kila safari inapokwisha. Aliyetangulizwa mbele kujaribu mitego hana sababu ya kurudi, na wachezaji wakisikia amekwenda kusimulia mjini watajifunza haraka.

Hatua ya 7: Kati ya kikao na kikao

Blades in the Dark ya 2017 hutumia duara lililokatwa vipande, kwa kawaida 4, 6 au 8, kupima mpango wa kila kundi. Kipande kinajazwa kadiri mpango unavyosonga, wachezaji wawepo wasiwepo. Chora duara kwa watu wawili au watatu tu wenye uzito. Deni la Bi Rehema lina vipande 4. Likijaa kabla kundi halijarudi mtoni, mashua imeshachukuliwa na mwenye kumdai, na kivuko kina bwana mpya: mpe naye jina, haja na mpaka, kisha rusha dadu mbili.