MTO UKIPINDA, KIJIJI KISILALE
Somo la kikundi: Utalii wa baiskeli kando ya mto

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze (a) kueleza kwa nini mgeni wa baiskeli huacha pesa nyingi kijijini kuliko mgeni wa basi, (b) kutaja vitu ambavyo tayari viko kando ya mto wetu, (c) kupendekeza hatua ya kwanza isiyohitaji mkopo.

Muda: saa mbili. Vifaa: karatasi kubwa, kalamu za rangi, na baiskeli moja inayotembea.



Karibu kila mto wetu una mahali pazuri unapopinda. Sisi wenyeji tumepazoea. Ng'ombe hunywa maji hapo, watoto huogelea hapo. Kisha siku moja gari kubwa linasimama, mtu anashuka, anatazama huku na huku, anauliza: "Ploti hii ni ya nani?" Wiki ya pili bei imeshatajwa. Wazee wanasema tuuze. Vijana wanasema pesa zigawanywe wanunue pikipiki. Akina mama wananyamaza, ingawa wao ndio wanaoteka maji hapo, maana hakuna aliyewauliza.

Somo hili halikulazimishi kuuza wala kukataa. Linakuambia jambo moja tu: usiuze kitu ambacho hujajua thamani yake. Hebu kwanza tuwatazame watu wengine wenye mto unaopinda, tuone walifanya nini.

1. KITANZI CHA SCHLÖGEN

Mto Danube ni wa pili kwa urefu katika Ulaya, baada ya Volga. Una urefu wa kilomita 2,850 hivi. Unaanzia Ujerumani na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Ukiingia nchi ya Austria, mto huu unagonga mwamba mgumu karibu na kijiji kidogo kiitwacho Schlögen. Maji hayakuweza kuupasua mwamba huo. Basi yakazunguka, yakarudi karibu kule yalikotoka, ndipo yakapata njia ya kuendelea. Ukipanda mlimani na kutazama chini utaona mto umejikunja kama kamba ya kufungia ndama.

Huko hakuna dhahabu. Mashamba ni membamba na milima inateremka hadi majini. Mtu angesema ni mahali pa kuhama. Lakini leo, kuanzia Aprili hadi Oktoba, waendesha baiskeli hupita hapo kila siku. Wanatoka mji wa Passau, Ujerumani, ambako mito mitatu hukutana (Danube, Inn na Ilz), na wanakwenda hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Safari hiyo ni kilomita 320 hivi. Mtu mwenye haraka angeimaliza kwa siku tatu. Wengi huchukua wiki nzima.

Swali la kwanza (jadilianeni kabla ya kuendelea): Kwa nini mtu achukue wiki nzima kwa safari ambayo gari linaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana?

2. NJIA HAIKUANZISHWA KWA AJILI YA WATALII

Wengi wetu tukisikia neno utalii tunawaza hoteli kubwa, lami, na waziri akikata utepe. Njia ya Danube haikuanza hivyo.

Zamani, kabla ya meli za mvuke, mashua za mizigo zilikokotwa na farasi kupanda mto. Farasi hao walihitaji njia ukingoni mwa maji. Katika karne ya 19 meli za mvuke zikaja na kazi ya farasi ikafa. Njia ikabaki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Austria ilijenga vituo vya umeme juu ya mto huo, pamoja na matuta ya kuzuia maji na barabara ndogo za wafanyakazi. Kituo cha Aschach, kilichomalizika mwaka wa 1964, ndicho kilichotuliza maji ya pale Schlögen. Ndipo katika miaka ya 1980 watu wakatambua: njia ya farasi ipo, tuta lipo, mahali ni tambarare, mto wenyewe unaonyesha mahali pa kwenda. Kilichobaki ni kuunganisha vipande, kuweka vibao na kutengeneza palipoharibika.

Je, pale kwenye kitanzi? Ukingo wa kushoto mlima umeshuka hadi majini na njia inakatika. Hawakupasua mlima. Mwenye mashua huwachukua watu pamoja na baiskeli zao, huwateremsha mbele kidogo, naye hupata nauli yake. Palipokosekana njia pakapatikana kazi ya mtu.

Fundisho: Anza na kilichopo. Usianze na kisichokuwapo.

3. POLEPOLE NDIYO FAIDA

Sasa turudi kwa lile swali. Mgeni wa basi hula na kulala mjini. Kwako anashuka dakika kumi, anapiga picha, anauliza choo, ananunua soda, basi linaondoka. Mwenye baiskeli hawezi kufanya hivyo. Ana njaa kila baada ya saa mbili. Ana kiu. Jua likizama hana budi kulala hapo alipofika. Tairi likipasuka anahitaji fundi wa hapo hapo. Na kwa sababu mzigo wake ni mdogo, hakubeba chakula kutoka mjini.

Tufanye hesabu ya mfano tu (badilisheni bei kulingana na kwenu). Wageni sita wamelala usiku mmoja:

- Kitanda na chai ya asubuhi, 1,500 kwa kila mtu: Sh. 9,000
- Chakula cha mchana, 400 kwa kila mtu: Sh. 2,400
- Chakula cha usiku, 500 kwa kila mtu: Sh. 3,000
- Kijana wa kuwaongoza, siku moja: Sh. 1,500
- Mtumbwi, 100 kwa kila mtu: Sh. 600
- Fundi wa baiskeli: Sh. 300
Jumla: Sh. 16,800

Si utajiri. Lakini angalia imeingia mikono mingapi: nyumba mbili au tatu za kulala, mama wa chakula, kijana, mwenye mtumbwi, fundi. Kikundi kikikata asilimia kumi kwa ajili ya kufyeka njia na kununua vifaa vya huduma ya kwanza, kinabaki na Sh. 1,680. Sasa linganisheni na ile ploti. Pesa za ploti huja mara moja, huingia mkono mmoja, na kesho yake kuna ua wa seng'enge kati ya akina mama na maji.

Katika bonde la Wachau, sehemu ya Danube yenye urefu wa kilomita 36 kati ya Melk na Krems, mambo ni hayo hayo. Wakulima hulima zabibu na aprikoti. Mgeni anapita shambani kwa baiskeli, anaona tunda mtini, kisha anakunywa divai na kununua jemu kwa yule yule aliyelima. Mwaka wa 2000 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mashamba yenyewe ndiyo sura ya bonde. Wangeyauza yote yajengwe, mgeni angekuja kuona nini?

4. MGENI WA BAISKELI ANATAKA NINI?

Tusijisumbue na mazulia. Huko Ujerumani chama cha waendesha baiskeli, ADFC, kina mpango ulioanza mwaka wa 1995 wa kuzipa alama nyumba za wageni zinazowafaa watu wa baiskeli. Hutazama mambo ya kawaida kabisa:

- Mgeni akubaliwe hata kama analala usiku mmoja tu.
- Kuwe na chumba cha kufunga baiskeli kwa kufuli.
- Kuwe na mahali pa kukausha nguo zilizolowa.
- Chakula cha asubuhi kiwe cha kushibisha.
- Kuwe na pampu, spana na vifaa vya kuziba panchari.
- Mwenye nyumba ajue njia na aweze kumwelekeza mgeni.

Kwetu tuongeze matatu: maji safi ya kunywa, choo safi chenye mlango unaofungika, na neti ya mbu. Nyumba yenye hayo haihitaji ghorofa.

5. TUSIDANGANYANE: HATARI ZIPO

Mto hauna urafiki wa kudumu. Tarehe 3 Juni 2013 maji ya Danube pale Passau yalifika mita 12.89, yakazamisha sehemu ya mji wa kale. Sisi nasi tunakumbuka Aprili na Mei 2024, mafuriko yalivyobeba nyumba na watu katika sehemu nyingi za Kenya. Kwa hiyo chochote cha kudumu kijengwe juu, mbali na maji. Ukingoni pawe na njia, kivuli na benchi, vitu ambavyo vikichukuliwa na maji hakuna atakayelia. Tena ukingo wa mto unalindwa na sheria. Kabla ya kuuza, kununua au kujenga, uliza Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) mpaka unapita wapi.

Halafu kuna wanyama. Danube haina kiboko wala mamba. Mito yetu inayo. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na ole wake anayesimama kati yake na maji. Basi kanuni iwe: hakuna baiskeli ukingoni baada ya saa kumi na moja jioni wala kabla jua halijapanda vizuri. Mwenyeji atangulie, mgeni afuate. Wavuvi na wachungaji waulizwe kila asubuhi wameona nini, na KWS wapewe habari mapema kabla ya kuanza.

Hatari ya tatu ni ugomvi wetu wenyewe. Kila mgeni akipelekwa nyumbani kwa mwenyekiti, mpango utakufa kabla ya mvua ya pili. Wekeni zamu, iandikwe ukutani, kila mtu aisome.

6. TURUDI NYUMBANI

Je, mambo haya yanawezekana Kenya? Katika mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyotangazwa mwaka wa 1984, mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya punda milia na swala, na kukodisha baiskeli ni biashara ya watu wa hapo. Kwa hiyo tusiseme ati wageni wa baiskeli ni wa Ulaya tu. Watu wa Nairobi wenyewe huenda huko mwisho wa wiki.

Chukueni mfano wa Budalang'i, kaunti ya Busia. Mto Nzoia ukikaribia Ziwa Victoria unapita katika nchi tambarare, na pande zote mbili pana matuta ya kuzuia mafuriko. Matuta hayo yamewahi kupasuka, na watu wamehama na kurudi mara nyingi. Kusini yake kuna kinamasi cha Yala chenye mafunjo, na humo wamo ndege wanaoishi kwenye mafunjo pekee, ambao watazamaji wa ndege husafiri mbali kuwaona. Na baiskeli? Busia ndiko neno boda boda lilikozaliwa, vijana walipokuwa wakivusha abiria mpakani kwa baiskeli, kabla ya pikipiki kuja. Tuta lipo, ndege wapo, ujuzi wa baiskeli upo. Lakini tuta la Nzoia kazi yake ya kwanza ni kulinda nyumba. Wenye kulisimamia waulizwe kwanza, na njia ikiruhusiwa iwe sababu ya kulitunza: anayepita juu yake kila siku ndiye wa kwanza kuona ufa au shimo lililochimbwa na mnyama.

Na hata mgeni asipokuja mwaka wa kwanza, njia iliyofyekwa na daraja la miti lililotengenezwa litamfikisha mtoto shuleni na mgonjwa zahanati. Njia nzuri kwa mwenyeji ndiyo njia nzuri kwa mgeni. Isiyomfaa mwenyeji, achaneni nayo.

7. KAZI YA KIKUNDI

(a) Chagueni watu wanne: mzee mmoja, mama mmoja, kijana mmoja na mvuvi au mchungaji. Waende kando ya mto kwa baiskeli au kwa miguu, asubuhi moja, wakiandika kila kitu: miti ya kivuli, visima, vivuko, vibanda vya chai, mafundi, mahali pa hatari.

(b) Wakirudi, chorea mto kwenye karatasi kubwa. Rangi ya kijani iwe kilichopo, nyekundu iwe hatari, buluu iwe kinachokosekana.

(c) Kutoka katika buluu chagueni kitu kimoja tu ambacho mnaweza kukifanya kwa mikono yenu ndani ya mwezi mmoja. Kimoja.

(d) Alikeni wageni wa kwanza kutoka karibu: walimu, vijana wa kata jirani. Walipe bei nusu na waseme ukweli juu ya chakula na choo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani hutumia mto wetu kila siku lakini hajawahi kuitwa katika mkutano wa kuujadili?
2. Ukingo ukiuzwa leo, pesa zitaisha lini? Maji tutayafuata wapi?
3. Ni kazi gani kijijini ambayo ingepata mteja mpya kama baiskeli sita zingepita kila Jumamosi?
4. Nani atashika daftari la pesa, na nani atalikagua?

Mkishajibu swali la pili kwa ukweli, mpigieni simu yule mwenye gari kubwa mkamweleze mlichoamua. Na akina mama wawepo simu ikipigwa.