SOMO KWA WAZAZI: Harage Limelala Puani



Umekaa mlangoni unachagua maharage ya mgao. Mtoto wako wa miaka mitatu yuko kando yako, ametulia kuliko kawaida yake. (Kila mama anajua: mtoto mdogo akinyamaza, kuna jambo.) Unageuka na kumkuta amekukodolea macho, kidole puani. "Mama, harage limelala humu." Jirani anacheka mpaka anashika mbavu, na wewe pia kicheko kinakushinda.

Cheka, si vibaya. Lakini kwanza tazama anavyopumua. Mtoto anayelia, anayeongea au anayekohoa kwa nguvu anapata hewa, na wewe una nafasi ya kufikiri. Asiyeweza kulia wala kukohoa amekabwa, na hapo hakuna kungoja: mlaze kifudifudi juu ya mapaja yako, kichwa kikielekea chini, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega, huku mtu mwingine akikimbilia msaada.

Turudi kwa huyu wa harage. Wazazi wengi huanza kulichokoa kwa kidole, njiti ya kiberiti au pini. Usifanye hivyo. Harage ni la mviringo na linateleza. Ukilichokoa linaingia ndani zaidi, na pua inatoka damu. Wala usimtie maji puani. Harage kavu likipata maji huvimba, kama unavyoliona ukililoweka usiku. Kwa sababu hiyo usingoje kesho, maana pua yenyewe ina unyevu.

Kama mtoto anajua kupenga kamasi, ziba tundu la pua lililo wazi, afunge mdomo, apenge kwa nguvu. Mwambie asivute ndani. Kama hajui bado, kuna njia inayoitwa busu la mama. Daktari mmoja wa Marekani aliieleza mwaka 1965, na hata leo inatumika hospitalini. Mwambie mtoto kwamba unataka kumbusu. Afungue mdomo, weka mdomo wako juu ya wake, uuzibe kabisa pasipo hewa kutoka pembeni. Kwa kidole, ziba tundu la pua lisilo na harage. Puliza polepole mpaka usikie pumzi inagonga mahali na kukataa kwenda mbele, kisha puliza mara moja, kwa ghafla na kwa ufupi. Hewa itatafuta njia ya kutoka, na njia ni ile moja iliyozibwa na harage. Mara nyingi harage litaruka na kukupiga shavuni pamoja na kamasi. Hiyo ndiyo gharama yake. Njia hii hufanikiwa kwa watoto kama 6 katika kila 10. Baba pia anaweza, bibi pia. Ukijaribu mara mbili tatu bila kufaulu, nenda kituo cha afya. Wana vifaa vya kulitoa. Likitoka, angalia na tundu la pili, na masikio. Mtoto aliyeweka moja huenda ameweka mawili.

Sasa tuseme jambo lililo zito zaidi ya harage. Mtoto aliyepigwa siku alipomwaga unga hatakwambia siku atakapojitia kitu puani. Atanyamaza. Wiki mbili baadaye utaona kamasi nzito zenye harufu mbaya zinatoka tundu moja tu la pua. Utadhani ni mafua, utampa dawa iliyobaki ya ndugu yake, na harufu haitaisha. Mafua hutoka matundu yote mawili. Ukiona ni tundu moja na linanuka, mlete apimwe, na umuulize kwa upole: "Mwanangu, uliweka nini humu?" Fimbo haitoi harage.

Hata hivyo, usigeuze mkasa kuwa sherehe. Ukiwaita majirani wote waje kumtazama na kumshangilia, kesho atajitia jingine ili mcheke tena. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hatofautishi kuchekwa na kusifiwa. Ni afadhali umalize kazi, umwambie kwa sauti ya kawaida, "Pua si ya maharage, mwanangu, maharage ni ya chungu," kisha umpe yeye kazi ya kushika ungo. Kicheko chenu kisubiri amelala.

Kwa sikio, mambo ni karibu yale yale: usichokoe, na kama ni mbegu usitie maji. Kama ni mdudu aliye hai anayempigia kelele ndani, na sikio halina usaha wala tundu, tia matone machache ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto. Mdudu atakufa na mtoto atatulia. Kisha mlete kliniki wamtoe.

Sarafu iliyomezwa na mtoto anayekula na kupumua vizuri kwa kawaida hutoka yenyewe chooni, ila mwonyeshe mganga. Akitoa mate mengi au akikataa kumeza, nenda mara moja.

Lakini betri ndogo ya duara kama kifungo, ile ya saa, ya tochi ndogo au ya vitu vya kuchezea, usiichukulie kama sarafu. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, na puani pia inaunguza. Kimbia hospitali, hata usiku. Akiwa ameimeza na amezidi mwaka mmoja, mpe njiani vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika 10, si zaidi ya mara 6. Usichelewe kwa kutafuta asali.

Na yule aliyekunywa mafuta ya taa kutoka chupa ya soda, akakunja uso, kila mtu akacheka? Usimtapishe. Mafuta yakipanda tena huingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa sabuni, umpeleke kituo cha afya hata kama anacheza, kwa kuwa kikohozi na kupumua haraka huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Chukua na ile chupa, umwonyeshe muuguzi.