Maji ya Gazi Yapimwe Saa Ngapi?

Wenzangu, sisi wa Mackinnon Road bahari twaijua zaidi kwa samaki wa sokoni, lakini somo hili latuhusu. Ghuba ya Gazi, baina ya Diani na Msambweni, hupokea mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi. Masika yakipiga, mto waweza kubeba mbolea ya mashamba na uchafu wa vyoo hadi baharini.

Mbolea hailishi mahindi peke yake. Nitrojeni na fosforasi zikizidi, mwani huota kwa fujo, ukafunika nyasi za bahari na kuzinyima mwanga. Ukifa, vijidudu vinavyouozesha humaliza oksijeni, na samaki hukosa pumzi.

Sasa, kupima. Mimi nilidhani chupa moja yatosha, mwalimu wa bayolojia akacheka. Ukichota saa sita mchana, mwani umekuwa ukitoa oksijeni tangu asubuhi, basi utasema maji ni mazima. Rudi alfajiri! Usiku kucha hakukuwa na jua, kila kiumbe kilivuta pumzi, na hapo ndipo oksijeni huwa chini kabisa.

Tena bahari ikijaa, maji ya nje huyazimua ya mtoni. Kwa hiyo chota maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa, kiangazi na masika, toka juu ya mto mpaka mlangoni. Pima na chumvi, ndiyo itakayokuambia chupa yako ina maji ya mto zaidi au ya bahari. Chupa za kupimia naitreti ziweke kwenye barafu upesi, kwani vijidudu vilivyomo huendelea kula. Ukichelewa, utapima makombo.