Usingoje Wekundu: Vidonda vya Kulalia kwa Mgonjwa Asiyeweza Kujigeuza
Kijitabu kwa jamaa wanaouguza, Kaunti ya Kakamega

Mtu asipojigeuza, uzito wake hukaa mahali pamoja. Nyama iliyo kati ya mfupa na godoro hubanwa hadi damu isipite, na saa chache tu zatosha nyama hiyo ianze kufa. Kidonda cha kulalia huweza kuanza chini, karibu na mfupa, kisha kikapanda juu. Kwa hiyo siku ngozi inapopasuka, uharibifu wa ndani huenda ni mpana kuliko tundu unaloliona.

Katika wodi za Kakamega, walio hatarini ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja au uti wa mgongo, mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, na mgonjwa aliyezimia. Muuguzi wa zamu ana vitanda vingi. Wewe una kimoja.

Kagua kwa mkono

Vitabu vingi vya uuguzi husema dalili ya kwanza ni wekundu. Ushauri huo ulifuata ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, na jamaa huambiwa "hakuna kitu" hadi ngozi ichubuke. Mgeuze mgonjwa karibu na dirisha au umulike kwa tochi ya simu. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi, yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa kuliko ngozi ya jirani. Kisha paguse kwa mgongo wa mkono: je, pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama parachichi lililoiva kupita kiasi? Mgonjwa akisema panauma au panawasha, mwamini, hata kama wewe huoni lolote.

Angalia kila siku kisogo, mabega, viwiko, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, na zaidi ya yote sehemu ya chini ya mgongo juu ya makalio. Pitia pia kingo za plasta na nyuma ya masikio panapopita mrija wa oksijeni.

Hapa kwetu pana jambo ambalo vitabu havilitaji. Mkwe hamwoni mkwewe uchi. Mkaza mwana anaweza kukaa na baba mkwe wiki nzima, amlishe, amwoshee shuka, na asiwahi kuutazama mgongo wake. Hatuwaombi mvunje miiko. Amueni mapema nani atakagua makalio na nyonga, na asipokuwapo, mwambieni muuguzi wazi kwamba mgonjwa hajakaguliwa.

Kugeuza

Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana, isipokuwa umeelekezwa vingine. Kuanzia mwaka 1944, Ludwig Guttmann alisisitiza ratiba hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kwa askari waliovunjika uti wa mgongo, ambao kabla yake wengi walikufa kwa vidonda hivi na maambukizi ya mkojo. Silaha yake kubwa ilikuwa mikono ya watu. Bandika karatasi kitandani: saa 2 usiku kushoto, saa 4 chali, saa 6 kulia.

Asilale ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Weka mto mgongoni alale kimshazari. Weka mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Usimburute kwenye shuka, maana ngozi hubaki nyuma huku mfupa ukisonga. Mwinueni watu wawili. Aliyeumia uti wa mgongo usimguse peke yako: hugeuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, muuguzi akiongoza. Ambaye mguu wake umefungiwa uzito, muulize muuguzi namna ya kumwinua makalio.

Usisugue sehemu iliyobadilika rangi, wala kwa mafuta wala kwa spiriti. Mtindo huo wa zamani huumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Pete ya mpira ya kukalia nayo hubana damu pembezoni, basi iacheni.

Mkojo na kinyesi visikae kwenye ngozi. Osha taratibu, kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa bila kusugua, paka mafuta ya kuzuia unyevu. Chakula cha kujenga mwili kipo sokoni: omena, mayai, maharagwe, njugu, maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari aulize kwanza.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani

Kabla ya kutoka wodini, omba uoneshwe kumgeuza, nawe ufanye muuguzi akitazama. Mjulishe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Kidonda kikiwapo, usitie majivu wala unga wa vidonge, na usibandue gamba jeusi. Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, mfupa, au mgonjwa akianza kuweweseka, mrudishe hospitalini siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki haijafika.