Kwa Nini Mstari wa Njano Ulipotea?

Leo tunajifunza habari za mmea mmoja wa kupanda kwenye kopo. Bila shaka mmeuona kwenye baraza za ofisi na katika hoteli za mjini. Hauna shina. Majani yake ni manene, yamesimama wima kama mapanga yaliyochomekwa ardhini. Katikati jani ni la kijani, lenye mawimbi ya kijani kilichoiva. Kwenye kingo zake, huku na huku, kuna mstari wa njano. Kwa muda mrefu wataalamu waliuita sansevieria. Sisi katika kikundi chetu tunauita mkonge wa mstari, na hapa tutauita hivyo hivyo.

Mmea huu ni wa Afrika. Asili yake ni nchi za Afrika ya Magharibi mpaka Kongo. Ndugu zake wa porini tunao hapa hapa Tanzania na Kenya. Ndio ule mkonge pori ambao wazee walitoa nyuzi zake, wakasokota kamba na upote wa pinde. Lakini mkonge wa mashamba ya Tanga ni mmea mwingine. Huo uliletwa kutoka Amerika mwaka 1893.

Sasa tuwaeleze jinsi sisi wenyewe tulivyokosea.

Mwaka 2021 sisi wanakisomo wa zamani tulianzisha kitalu kidogo cha maua. Tulikuwa na kopo moja tu la mkonge wa mstari. Mama mmoja wa kikundi alipewa na shemeji yake. Mwenye hoteli mmoja wa mjini akaliona, akaagiza makopo 20, akatupa na arubuni. Tukafurahi mno. Tulikuwa tumesikia kwamba kipande cha jani lake kikichomekwa udongoni huota. Na ni kweli, huota. Basi tukakata majani manne vipande vipande, tukachomeka.

Tukangoja. Baada ya miezi mitatu hivi vichipukizi vikaanza kutokeza. Kumbe! Vyote kijani kitupu, hata kimoja hakina njano. Tukasema labda vina njaa. Tukaongeza samadi, tukaongeza na maji. Vitatu vikaoza. Mwenye hoteli alipokuja akatazama, akasema, “Mama zangu, mimi sikuagiza hii.” Ikabidi turudishe arubuni yake, na sisi tulikuwa tumeshainunulia makopo na mchanga. Tulichangishana.

Tukamwita bibi shamba. Yeye hakulaumu mtu. Aling'oa ule mmea wetu wa kwanza kwenye kopo, akatuonyesha chini. Tukaona mzizi mnene wa rangi ya machungwa, unatambaa kama tangawizi. Juu yake palikuwa na chipukizi dogo, na tayari lilikuwa na mstari wa njano.

Alitueleza hivi. Mmea huu umeshonwa kama kanzu yenye bitana. Una sehemu za namna mbili zilizokaa pamoja, za kijani na za njano. Chipukizi linalotoka kwenye mzizi ule mnene huchukua zote mbili. Lakini kipande cha jani hakina chipukizi. Lazima kitengeneze jipya, nalo hutoka kwenye sehemu ya kijani peke yake. Kwa hiyo mtoto anakuwa kijani. Samadi haiwezi kubadili jambo hilo, hata ukimwaga debe zima.

Basi ukitaka mstari ubaki, usikate jani. Gawanya mzizi. Ngoja mpaka chipukizi liwe na majani yake mawili au matatu. Toa mmea wote koponi, kung'uta udongo. Kata ule mzizi mnene kwa kisu kikali kilicho safi, chipukizi libaki na vijizizi vyake vyembamba. Liweke kivulini siku mbili tatu, kidonda kikauke. Ndipo upande. Usimwagilie siku hiyo hiyo. Ngoja kama siku tano.

Kopo lazima litobolewe chini, matundu manne au matano. Udongo wetu ni karai moja la udongo wa bustani kwa karai moja la mchanga wa mtoni, na konzi mbili za samadi iliyooza vizuri. Udongo wa mfinyanzi peke yake haufai, unashika maji.

Maji ndiyo yanayoua mmea huu kuliko kitu kingine. Majani yale manene ni mtungi. Yamejaa maji tayari. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kama kuna unyevu, acha. Wakati wa joto sisi humwagilia kila wiki mbili, wakati wa baridi mara moja kwa mwezi. Mwagia udongoni, si katikati ya majani. Ukiona jani limelegea chini na linanuka, kata sehemu yote iliyooza na upande upya kwenye udongo mkavu.

Huvumilia kukaa gizani, lakini karibu na dirisha ndipo rangi inapopendeza. Usiutoe chumbani na kuuweka juani mara moja, utaungua. Kama siku moja litatokea chipukizi la kijani kitupu, liondoe mapema. Hilo lina nguvu kuliko ndugu zake na litajaza kopo.

Tahadhari: mmea huu hauliwi. Mtoto akitafuna jani anaweza kutapika na kuharisha. Weka kopo mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki, na mbuzi pia.

Wauzaji wengine husema unasafisha hewa ya nyumba. Maneno haya yalienea baada ya majaribio ya Marekani ya mwaka 1989, lakini mimea ile iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Nyumba si kisanduku. Kama jikoni kuna moshi, fungua dirisha na utengeneze dohani. Hata makopo kumi ya mkonge hayatakusaidia.

Ile mimea ya kijani hatukuitupa. Yenyewe ni mizuri, na wako wanaoipenda. Tunaiuza kwa bei ndogo, na mnunuzi tunamwambia wazi kwamba haitatoa mstari. Ya njano huchukua muda mrefu, maana tunangoja mzizi uzae. Mwenye hoteli tulimpelekea makopo sita ya kwanza mwaka 2023. Safari hii hatukupokea arubuni.