Baka la Ngozi Lisilopona: Tujifunze Juu ya Limfoma ya Ngozi



Mama mmoja wa kikundi tunachokitembelea alikaa na mabaka kiunoni na kwenye matako kwa miaka sita. Yalikuwa meupe kidogo kuliko ngozi yake, na usiku yalimwasha sana. Alipaka dawa ya choa, akapaka ya ukurutu, akajaribu na mitishamba. Yakififia, yanarudi. Wenzake wakaanza kunong'ona, huyu akisema ati ni Ukimwi, yule ukoma, na zamu yake ya kupika chai ya mkutano ikawa inarukwa kimya kimya. Mwaka wa saba daktari wa ngozi alimkata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Jibu: limfoma ya ngozi. Hata sisi tunaoitwa wafanyakazi wa jamii hatukuwa tumelisikia jina hilo, ikabidi tukaulize na kusoma.

Hii ni saratani. Haianzi kwenye ngozi yenyewe, bali kwenye chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, askari wanaolinda mwili na ambao wengine wao hukaa ngozini. Aina inayoonekana zaidi huitwa maikosisi fangoidesi. Daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, aliieleza mwaka 1806. Mgonjwa wake alikuwa na uvimbe uliofanana na uyoga, na jina likatoka hapo. Basi jina lisitudanganye: si kuvu, haiambukizi, na dawa ya choa haiiponyi.

Sasa askari anaharibikaje? Hebu tufikirie kitabu cha kumbukumbu cha kikundi. Kila mwaka katibu anakinakili upya. Mara anakosea herufi moja, mara anaruka ukurasa mzima, au ananakili ukurasa mmoja mara mbili. Katibu wa mwaka unaofuata atanakili kutoka kitabu hicho hicho chenye kosa, naye aongeze la kwake. Chembe nazo zikitaka kugawanyika hunakili kitabu chao cha maagizo, yaani jeni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba katika limfoma za ngozi za seli T, zaidi ya makosa 9 kati ya 10 yanayousukuma ugonjwa ni ya kurasa: sehemu nzima zimepotea au zimerudiwa. Makosa ya herufi moja moja ni machache.

Na kurasa zinazopotea si za mchezo. Kuna jeni iitwayo p53, ambayo huamuru chembe iliyoharibika isimame au ife. Ikipotea hiyo, ni kama kikundi kilichopoteza ukurasa wa katiba unaohusu ukaguzi wa hesabu. Nani atamzuia mwizi? Makosa mengine huiacha wazi amri ya "zaaneni", nayo haifungwi.

Kwa hiyo ugonjwa husogea jinsi makosa yanavyorundikana. Kwanza ni mabaka bapa. Baadaye ngozi inaweza kuwa nene na kuinuka, halafu uvimbe ukatokea na kupasuka vidonda. Hapo vijidudu hupata mlango, na maambukizi hayo huweza kuua. Saratani inaweza pia kufika kwenye tezi, damu na viungo vya ndani. Lakini safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, na wengi hawatoki hatua ya kwanza. Mwenye mabaka machache akitibiwa mapema anaweza kuishi karibu sawa na wenzake.

Je, mtoto atarithi? Kwa kawaida hapana. Makosa haya hutokea baada ya mtu kuzaliwa, ndani ya chembe zile tu. Wala si laana.

Vitabu vingi husema mabaka ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa meupe, hasa kwa watoto na vijana, ndiyo maana hudhaniwa choa au ukoma. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, hili huwasha. Hupenda sehemu zisizoona jua: matako, mapaja, kiuno, matiti. Baka likikaa miezi bila kusikia dawa, usiendelee kununua mirija dukani. Nenda zahanati, omba barua ya kukupeleka kwa daktari wa ngozi. Dawa kali za kupaka zenye steroidi huweza kuuficha ugonjwa, kwa hiyo beba mirija yote uliyotumia akaione. Kipimo cha kwanza cha ngozi kikikosa kuonyesha kitu, pengine utakatwa tena. Usikate tamaa wala usimkasirikie daktari. Matibabu yapo: dawa za kupaka, taa maalumu ya mwanga, mionzi, na dawa nyingine kwa waliozidiwa.

Yule mama yuko kliniki, na kikundi kinamchangia nauli. Zamu ya chai aliidai mwenyewe mbele ya mkutano.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
Nani kati yetu ana baka ambalo limekaa mwaka na hajasema?
Mfuko wetu unaweza kumlipia mwanachama nauli ya kliniki mara ngapi kwa mwaka?
Tulipomruka mtu zamu yake, tulimwambia sababu?